Siku Niliyoona Aibu Kuuliza

Mwanangu, nakumbuka siku moja pale Inyonga ambayo hata leo nikiiwaza moyo unaniuma. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye kiwanda kidogo cha kusindika asali, msichana mwenye cheti cha kidato cha nne na maringo ya kutosha. Kililetwa kifaa kipya cha kupima maji kwenye asali. Unatonesha tone moja kwenye kioo chake, unachungulia kuelekea mwanga, unasoma namba. Fundi alituelekeza mara moja tu, akauliza, "Mmeelewa?" Mimi ndiye niliyewahi kuitikia. Mle ndani kulikuwa na mistari mitatu ya namba, na sikujua nisome upi. Lakini ningeulizaje, msomi mimi!

Asali ilipokelewa na Mzee Kapama, mrina asali wa miaka mingi ambaye hakuwahi kukaa darasani. Siku hiyo alichota kwa kijiti, akaitazama inavyodondoka.

"Binti yangu, hii bado changa, ina maji mengi. Wameirina mapema. Hebu pima tena."

"Mzee, kifaa kimeshasema iko sawa," nikamjibu, nikasaini fomu.

Wiki chache baadaye ndoo zilivimba stoo, asali ikatoa povu na kunuka pombe. Meneja alimwita Mzee Kapama mbele yetu sote, kwa kuwa yeye ndiye mpokeaji wa asali, akasema wazee hawawezi mambo ya kisasa, basi avue koti la kazi aende nyumbani. Mzee akaanza kufungua vifungo, taratibu. Hakunitaja. Alinitazama bila chuki yoyote, mwanangu, na hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia.

"Ni mimi," nikasema huku nalia. "Sijui kukisoma kile kifaa. Sikujua tangu siku ya kwanza."

Mzee alibaki kazini. Mimi nilipelekwa kuosha ndoo msimu mzima, na nilistahili. Jioni ile alikuja akachuchumaa karibu na beseni langu.

"Umenikosea, na imeniuma," akasema. "Nilikuwa hapo hapo, ungeniambia tu. Sasa kesho tumwombe fundi atufundishe wote wawili. Na mimi sikijui."

Tulifundishwa pamoja, yeye akifuata namba kwa kidole, na nilimpenda kama baba yangu.

Wewe sasa unaanza kazi kiwandani hapa Mpanda, kwenye mashine za kubonyeza kioo kama simu. Nawajua nyie vijana, kila kitu "najua, najua." Usipoelewa, uliza, hata wakucheke mpaka wachoke. Anayeijua kazi kwa mikono yake, msikilize hata kama mashine inasema vingine, kisha pima upya. Na ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajafukuzwa kwa kosa lako.

Nenda, mwanangu. Mungu ailinde mikono yako na macho yako, akujalie wenzako wa kazi wenye moyo kama wa mzee yule, na wewe uwe hivyo kwa atakayekukosea.