Niliziba Matundu ya Maji, Nikamwaibisha Baba Mkwe Arusini

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea.

Baba mkwe wangu ana gari la zamani, salun aliyonunua kabla mke wangu hajazaliwa. Arusi ya kitinda mimba wake, Nyambura, ilipokaribia, alinikabidhi ufunguo.

"Fremu ya kioo cha mbele imeliwa na kutu, mvua ikinyesha maji yanaingia. Nitengenezee. Nataka kumpeleka Nyambura kanisani nayo."

Nikaipeleka mtaa wa Kiuu kwa Kamau, fundi wa bodi za magari. Akadunga kona ya fremu na bisibisi, ikazama kama kwa mkate.

"Hii kioo itoke, tukate hiyo mbovu, tuchomelee bati mpya. Na haya matundu chini ya wepa za kupangusa kioo yamejaa majani. Maji haina pa kutokea. Nipe wiki tatu."

Wiki tatu! Mimi, mtu anafundisha chuo hapa Thika, na nimeshatazama video nne kwa simu?

Nikarudi nayo nyumbani. Nikapaka filla, ile lipu ya kuziba mashimo ya bodi, juu ya kutu, nikapuliza rangi. Halafu nikafikiria kisomi: kama maji yanaingia, si yanaingilia kwa matundu? Nikayaziba yote na silikoni!

Nikatuma picha kwa group ya familia: "Kazi safi ya fundi." Mzee akanijibu kwa baraka ndefu. Woi!

Siku ya arusi mvua ilipiga asubuhi yote. Mimi ndiye dereva, Nyambura nyuma na shela yake, mzee kando yangu na suti ya rangi ya maziwa. Maji yalikuwa yamejaa chini ya wepa kama bwawa. Tulipoanza kupanda mlima wa kanisa, yakarudi nyuma, filla ikaachilia.

Ngai! Maji ya kutu, rangi ya chai, yakateremka kwa dashibodi hadi mapajani mwa mzee.

Alishuka mlangoni pa kanisa hivyo hivyo, suruali imelowa. Shangazi mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Haiya, uzee ni kitu mbaya." Shemasi akamshika mkono kwa upole, akitaka kumpeleka chooni.

"Asante, niko sawa," mzee akasema. Akampeleka bintiye hadi madhabahuni.

Na mimi? Nilinyamaza! Neno moja tu, "ni gari," lingetosha. Nikajifanya natafuta pa kuegesha.

Jioni nilimfuata nyuma ya nyumba, nikamweleza yote. Akaniambia:

"Gari ningengoja. Hata kwa miguu tungeenda. Lakini pale mlangoni, mbona hukusema?"

Gari sasa liko kwa Kamau, na mimi siruhusiwi hata kulipangusa vumbi.

Wewe unayesoma hii ukiwa na silikoni mkononi, weka chini! Hayo matundu ni ya kutoa maji. Pitisha waya, toa majani, mwachie fundi kutu yake. Na ukishamwaibisha mtu, sema hapo hapo, watu wote wakisikia. Mimi nilisema kwa sauti ya chini, tukiwa wawili, na wale shangazi bado wanamwombea mzee kila Jumapili, kwa jina, wakitaja kibofu.