Nafasi Nyeupe Kati ya Picha Mbili

Juzi nilikuwa kwenye duka la fotokopi pale Majengo, nyuma ya binti aliyekuwa akichapisha katuni alizochora mwenyewe. Katika picha ya kwanza mume amenyanyua mkono mbele ya mkewe. Katika picha ya pili mke yuko barabarani, mtoto mgongoni, furushi kichwani. Kati ya picha hizo pana nafasi nyeupe tu.

Mama mmoja kwenye foleni akainama kutazama. "Mwanangu, mbona hukuchora alivyompiga?"

"Shikamoo, mama. Nimeacha makusudi, msomaji aone mwenyewe."

"Marahaba. Mimi nimeona." Akauvuta mkono wa gauni lake mpaka kwenye kiganja.

Mumewe, aliyekuwa pembeni akisubiri kopi ya kitambulisho, akacheka. "Umeona nini? Hapo hajapigwa mtu. Pengine jamaa alikuwa anafukuza nzi."

Mama akamwambia binti, "Nitolee na mimi kopi moja." Akaikunja, akaitia kifuani.

Mchoraji huacha nafasi ile ili kila msomaji aijaze kwa anachokijua. Foleni nzima tulikuwa tumeacha kutazama katuni, tunamtazama mwenye nzi.