Mhimili Niliousugua kwa Mchanga

Mwezi uliopita, karibu na stesheni ya Kamina, nilimwona fundi wa pikipiki akisugua chuma kwa msasa ili king'ae. Nilisimama nikimtazama. Wajua, kosa la utotoni halizeeki.

Miaka ile ya Zaire tulikaa kambi ya reli. Baba alikereza vyuma karakanani. Mama alikuwa na mashine ya kusaga, na nusu ya kambi ilikula bukari, ugali wetu, wa unga wake. Siku moja baba aliung'oa mhimili wa mashine hiyo, akaulainisha, akaulaza uani juu ya gunia. Mimi, binti wa miaka tisa, niliona una mafuta. Nikausugua kwa mchanga na majivu, kama tulivyosugua masufuria kila asubuhi.

Mama ndiye aliyeuona. "Mawee! Weye mutoto, unataka tukufe njala?"

"Minyi nilitaka ing'ae," nikajibu.

Baba alipitisha ukucha juu ya mikwaruzo. "Hii itapasha moto pete ya shaba yenye inazungukia, itaikula mu siku mbili tu. Na nikiikata tena, itakuwa nyembamba, italegea." Hakunipiga. "Kuya, mama. Ukuye kuona," aliniambia; "mama" ndivyo alivyoniita mimi bintiye.

Karakana ilinuka mafuta ya moto. Aliufunga mhimili kwenye mashine ya kukereza, ukazunguka, umefifia kama samaki mkavu. Mahali pa kisu cha kukatia aliweka gurudumu dogo la chuma kigumu, akalidondoshea mafuta, akalikaza. Lilipopita, liliacha nyuma utepe wa mwanga. Nilitazama chini: haikuanguka hata chembe ya chuma.

"Hatutoe kitu," alisema. "Tunakandamiza vilima viingie mu mabonde. Sawa vile nkambo, bibi yako, anapitisha jiwe pa chungu mbele ya kuchoma."

Akanipa tupa na kipande cha mabaki alichokuwa amelainisha nusu yake. Upande usioguswa tupa iliuma; upande uliolainishwa ilishika kwa shida. Chuma kilekile, kimekuwa kigumu zaidi kwa kubanwa tu! Nilikigeuza na kukigeuza, nisiamini.

Kwenye mhimili, mkwaruzo mmoja wa kina haukufutika. "Tutaona," baba alisema.

Leo karakana ile imeota majani mpaka madirishani, na baba hayupo. Nimejisomea vitabu vya vyuma, vinaieleza kazi hiyo kwa usahihi. Lakini havina ile siku mashine ya kusaga, imerudishiwa mhimili wake, iliponguruma bila mahindi tangu asubuhi hadi adhuhuri, wanawake wakingoja na mabeseni yao, mama akaizima, akaweka kiganja juu ya pete ya shaba, nami nikiutazama uso wake.

"Iko baridi," alisema. "Bantu balete mahindi."