Nukta Tatu kwenye Mpini wa Randa

Kila Jumamosi nilikuwa natoka nyumbani Mugutha naenda Thika kuchokora vyuma vikuukuu. Wauza skrap walinizoea. Wakiniona nimepiga magoti kwenye lundo la nati na sufuria zilizobondeka, walicheka: "Huyu amekuja kuchimba dhahabu." Nilikuwa natafuta patasi, misumeno na tupa za zamani, ambazo chuma chake bado kinashika makali. Vifaa vya siku hizi ukivinoa mara mbili vimekuwa vijiko.

Siku moja nikapata randa ya kusawazisha mbao. Ilikuwa imeanza kushika kutu, lakini ilikuwa nzito, na mpini wake wa mbao ulikuwa umelainishwa na kiganja cha mtu kwa miaka mingi. Nyuma ya mpini palikuwa na nukta tatu nyeusi zilizochomwa kwa msumari wa moto, zimekaa kama mafiga. Sikujiuliza ni za nani. Mafundi wa huku kwetu huchoma alama vifaa vyao kwa sababu kwenye mjengo kila mtu huazima, na kurudisha ni majaliwa. Nami nina kiburi changu: kitu nikishakifufua, nataka kionekane changu. Jumapili nzima nilikaa uani na mafuta ya taa na msasa. Zile nukta zilikuwa zimeingia ndani, nikazikwangua mpaka zikaisha, nikapaka vanishi. Nilifurahi sana, nasema kweli.

Jumatano jirani yangu akabisha hodi. Ni mzee fundi wa milango, na mlango huo aliokuwa akibisha aliutengeneza yeye. Alisema sanduku lake la vifaa lilikuwa limeibwa wiki mbili nyuma, kwenye mjengo kule Kamakis.

"Wewe ndiye unazunguka kwa hawa watu wa skrap," akaniambia. "Hizo zingine zikipotea, wacha zipotee. Lakini ukiona randa, mpini iko na nukta tatu, niitie. Hiyo ndiyo nilianza nayo kazi."

Randa ilikuwa nyuma yangu juu ya kabati, nimeifunika kitambaa. Ningenyoosha mkono tu. Badala yake nikasema, "Sawa mzee, nitaangalia." Niliogopa. Nani angeamini kwamba nilifuta alama bila kujua? Mtaani kwetu anayefuta alama ni mwizi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa nimeshaipenda, na huo ndio ulionitia aibu zaidi.

Fundi asiye na vifaa hakuna anayemwita fundi. Baada ya miezi miwili nikamwona kwenye mjengo wa ghorofa karibu na kwetu, anachota mchanga kama mtu wa mkono, kibarua wa mafundi, kwa umri ule, huku anakohoa vumbi la saruji. Vijana wanamharakisha: "Buda, leta mchanga, tunakungoja." Nilivuka barabara asinione.

Juma hilo nikampelekea randa. Hata hapo sikuwa na ujasiri wa kusema yote. Nikamwambia nimeipata Thika, achukue tu, ni zawadi.

Alikaa kwenye kigoda, akaegemeza ubao magotini, akaipitisha randa mara moja. Maranda membamba yakajikunja.

"Inakata kama yangu," akasema.

Akaigeuza, akapapasa nyuma ya mpini kwa kidole gumba, polepole, mahali pale pale. Nilitamani agundue, anitukane, yaishe.

"Si yangu," akasema, akanirudishia. "Hii ni ya fundi mwingine, aliibiwa. Mahali ako, hafanyi kazi, vile mimi sifanyi. Siwezi kula jasho yake. Wewe unazunguka, mtafute umpatie."

Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Nililijua hilo, na bado nikanyoosha mikono nikaipokea.

Iko juu ya kabati mpaka leo. Huwa naipaka mafuta isishike kutu, na Thika nimeacha kwenda. Mzee bado anabeba mchanga. Kila tukikutana huniuliza kama yule fundi amepatikana, nami humwambia bado.