Jiwe Lililoshikwa na Kila Mtu

Ukitaka kumwona Apolinaria akiacha chungu kinaungua jikoni, tamka neno moja tu: maji. Mlevi, mpita njia, hata jirani aliyemtukana asubuhi, akisema ana kiu tu, Apolinaria atatoka mbio na kata mkononi. Watoto wa njia ya Ipole walimfanyia mchezo kwa hilo, wakicheka, watukutu wale. Hawakujua wanachokicheka.

Alizaliwa porini, kando ya njia ambayo babu yake aliipita na pembe ya ndovu begani zama za misafara. Akaolewa na Raymundi, mrina asali, mwanamume mpole ambaye mizinga yake ilitundikwa mbali, hata akienda kuiangalia hulala huko huko. Walimpata binti mmoja, Benedikta. Utajiri hawakuwa nao, lakini raha walikuwa nayo, na ni wangapi wanaoweza kusema hivyo?

Kisha ikaja operesheni. Mwaka wa sabini na nne lori lilifika, wanamgambo wakaezua paa, na watu wakahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara kama wanafunzi kwenye gwaride. Mizinga ikabaki porini. Mwenyekiti wa kijiji, Sylvester, hakuwa mtu mbaya, ila siku za shamba la pamoja la tumbaku hakutaka kusikia habari za nyuki.

"Asali itangoja, ndugu Raymundi," alikuwa akisema, na Raymundi akachukua jembe lake.

Basi siku ile ilikuwa siku ya shamba. Kama si tumbaku, Raymundi angekuwa porini na mizinga yake. Alirudi mchana amechoka, akala ugali na mlenda, akajinyoosha ndani. Mkewe alikuwa uani anatwanga. Mbingu ilikuwa kavu, hata wingu la kusingiziwa hakuna. Mara ukapita mwanga, kikafuata kishindo kilichoitikisa ardhi, paa la nyumba likatoboka na ukuta wa upande mmoja ukalala chini.

Radi bila wingu. Kwa watu wa pale hapakuwa na la kujadili. Radi ya namna hiyo imetumwa na mtu, na aliyepigwa nayo haguswi, wala nyumba yake haiingiwi, mpaka mganga wa radi aje anyunyize dawa. Akiguswa kabla, itarudi imalize watoto wake. Na akifa haliliwi, maana kilio huiita. Apolinaria aliyajua hayo tangu utotoni kama alivyoijua njia ya kisimani. Kijana akapanda baiskeli kumfuata mganga, mzee Mfaume, kijiji cha mbali. Sylvester akamwaga majivu kuizunguka nyumba, na watu wakasimama nje ya majivu.

Ndipo sauti ikatoka ndani.

"Mama Benedikta. Maji."

Alikuwa hai. Wote walisikia. Apolinaria akachota maji kwa kata, akaenda nayo mpaka kwenye majivu, na mguu mmoja ulikuwa tayari hewani Sylvester alipomwita.

"Shemeji, una mtoto. Unataka imrudie Benedikta?"

Benedikta alikuwa nyuma yake, ameshika khanga ya mama. Apolinaria akaurudisha mguu.

"Vumilia, baba Benedikta. Mzee Mfaume yuko njiani."

"Mguu," Raymundi akasema. "Nifunge mguu."

Apolinaria alikuwa amejifunga khanga mbili siku ile. Moja tu ingetosha. Alisimama nazo pale, na jua likaenda zake, na sauti ikapungua, ikawa kama ya mtu anayesema na nyuki wake. Halafu hakuisikia tena. Maji yalikuwa bado kwenye kata.

Mfaume alifika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akanyunyiza dawa, akaingia, akakaa humo kwa muda. Alipotoka hakumtazama mtu usoni.

"Hajaungua popote," alisema. "Paja limepasuka. Damu ndiyo iliyommaliza. Bado ana joto."

Chini ya udongo wa ukuta walikuta jiwe jeusi, kubwa kama kichwa cha mtoto, zito ajabu. Raymundi akazikwa kimya jioni ile ile. Apolinaria aliing'ata khanga yake mpaka ikatoboka.

Mvua zilipokwisha, alikuja mtaalamu wa mawe kutoka mjini Tabora. Kijiji kikaitwa mkutanoni. Akaeleza kwamba ile haikuwa radi, wala haikutumwa na mtu. Huko juu, mbali kuliko mawingu, kuna mawe yanayozunguka, na mengine huanguka duniani. Mengi huishia baharini na maporini. La kumwangukia mtu ni nadra sana. Likija kubwa kama kilima, alisema, mji mzima utafutika, na hakuna wa kulizuia. Watu wakaguna. Kisha akawaruhusu walishike lile jiwe jeusi. Likapita mkono kwa mkono, Sylvester akacheka kwa uzito wake, watoto wakalipapasa, Mfaume, naye amekuja kusikiliza, akalinusa.

"Marehemu alifariki papo hapo?" mtaalamu akauliza.

Jiwe likamfikia Apolinaria, akalipakata.

"Kwa hiyo si radi?"

"Si radi, mama."

"Na aliyepigwa nalo, anaguswa?"

Yule bwana hakuelewa. "Kwa nini asiguswe?"

Hapo Apolinaria akalia. Alilia kilio cha maiti iliyo ndani, kile alichonyimwa, akimwita Raymundi kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa hai.

"Shemeji, jamani," Sylvester alinong'ona, "mgeni yupo."

Mtaalamu alilichukua jiwe mapajani mwa Apolinaria akaliviringisha ndani ya blanketi. Vijana wawili wakaitwa kulipeleka kwenye gari. Mmoja alilishika kwa chini, mwingine kwa juu, wakatembea taratibu, wasije wakaliumiza.