Mkeka wa Koti la Mzee

Shemeji yangu alikanyaga gari la plastiki la binti yake, na dada yangu ndiye aliyepigwa. Kofi moja tu, sikio likaziba. Ndivyo ule mkeka ulivyoanza.

Dada yangu ananifuata mimi kwa kuzaliwa. Alikuwa anaishi na mumewe na mtoto wao wa miaka minne katika chumba kimoja hapo Kaptembwo, ploti ya nyuma ya kibanda changu cha kushonea. Kitanda, jiko, pazia, na sakafu iliyojaa vitu vya mtoto: vifuniko vya soda, vikopo, magari yasiyo na magurudumu, mdoli aliyeng'oka mkono. Alinijia ameshika sikio, akaniomba kwanza nisipige kelele, kwa maana ananijua. Alitaka kitu kitakachomeza vitu hivyo vyote mara moja, kabla bwana hajafika mlangoni. Viatu vyake vya kazi alikuwa akivisikia tangu kwenye geti. Nilimwambia shida si magari ya plastiki, shida ina miguu miwili na ndevu. Akaniambia nishone tu.

Basi nikashona mkeka wa kuchezea unaogeuka mfuko. Mkeka wa aina hiyo si kazi ngumu. Unapiga msumari sakafuni, unafunga uzi wenye chaki mwishoni, unazunguka unapata duara. Juu unaweka kitambaa cha rangi, chini kizito, ukingoni unakunja upindo mpana na kupitisha kamba ndani yake. Mtoto anacheza katikati. Akimaliza, unavuta kamba, mkeka unajikunja wote na kuwa mfuko, vitu viko ndani, unaning'iniza msumarini. Kitenge cha juu nilikuwa nacho. Cha chini sikuwa nacho, na sakafu ya simiti ya ploti ile ina baridi ya kuua. Nikamwambia atafute blanketi kuukuu au hata gunia.

Akaniletea koti.

Nililijua mara moja. Koti jeusi, zito, la vifungo vya shaba, la wafanyakazi wa reli wa zamani. Baba mkwe wake alikuwa mtu wa reli maisha yake yote. Alipokufa, wazee wao waligawa nguo zake kama ilivyo desturi kwao na kwetu pia, na koti likamwendea mwanawe wa kwanza, yaani huyu huyu shemeji. Koti la namna hiyo halikatwi. Linawekwa, linavaliwa siku ya kumkumbuka marehemu, linarudishwa. Kwa kuwa chumba cha Kaptembwo kinavuja, lilikuwa limening'inizwa nyumbani kwa mama yake, Kabazi. Nikamuuliza dada amelitoa wapi. Akasema, shona, usiniulize. Nikajua ameliiba. Na wacha niseme ukweli, roho yangu ilifurahi kupita kiasi. Nikachukua mkasi.

Koti lile lilipigana na mimi. Mkasi ulikataa kwenye mabega, cherehani ikavunja sindano, vidole vikatoka malengelenge. Nilikata mgongo ukawa kipande kikubwa, nikaunganisha na vipande viwili vya kifuani, vifungo nikavitupa ndani ya kopo. Kamba nilipitisha ya nailoni, ile ya kuanikia nguo, kwa sababu ya katani ingemchubua mtoto mikono. Nikaivuta kwa nguvu zangu zote kuijaribu, haikukatika.

Mtoto aliupenda mkeka huo kuliko chakula. Alikuwa anakaa katikati, anamwambia mama yake amvute, anajikuta mfukoni kichwa kikiwa nje, anacheka mpaka anapaliwa. Na kwa muda mfupi ulifanya kazi. Viatu vikisikika getini, dada anavuta kamba, mfuko ukutani, sakafu safi. Jamaa akikosa cha kukanyaga anatafuta kingine. Chumvi imezidi. Simu umeilaza kifudifudi ya nini. Mkono wake ulikuwa haukosi kazi, na mimi nilikuwa nikisikia vishindo nikiwa kwenye cherehani, nakanyaga pedali kwa nguvu nisisikie.

Jumapili moja mchana alikaa kitandani, na jua likaingia mlangoni likaangukia ule mfuko. Kitambaa cheusi ndicho kilichokuwa nje. Akaona mahali palipokuwa na beji ya reli, kiraka cheusi zaidi kuliko pengine, chenye vitundu vya sindano pembezoni. Alikuwa amekitazama kiraka hicho tangu utotoni. Dada ananiambia hakupaza hata sauti. Aliutoa mfuko msumarini, akamwaga kila kitu, akaugeuza mkeka mkononi kama mtu anayekagua ngozi ya mnyama. Akamuuliza ni nani aliyelileta koti. Dada akainama kuokota vitu vya mtoto. Akauliza tena, dada akaendelea kuokota.

Basi akaichomoa kamba kwenye upindo, kamba yangu, akamzungushia shingoni, akakaza.

Mtoto alimng'ata baba yake kwenye shavu la mguu. Akampiga teke, mtoto akagonga ukingo wa kitanda, mdomo ukapasuka. Lakini kamba ililegea kidogo, na dada akapata pumzi ya kupiga nduru. Majirani wakaja mbio wakajaa mlangoni. Yeye akawapita kifua mbele, akaja kwangu.

Nilikuwa nashona gauni la harusi la mtu. Aliipiga cherehani teke ikaanguka na meza yake, akanishika nywele akanivuta mpaka nje, akaniuliza kama najua nimemkata nani. Nilimwambia najua, na ningejua mapema atazaa mtu kama yeye ningemkata akiwa hai. Akanipiga ngumi ya mdomo. Mkasi ulikuwa bado mkononi mwangu. Niliuzamisha kwenye mkono wake, chini kidogo ya kiwiko, nikauchomoa, na damu yake ikarukia lile gauni jeupe. Watu husema ukimjeruhi mtu unaona majuto papo hapo. Mimi nilisikitikia gauni.

Dada akahamia kwangu na mtoto. Tulikwenda kuripoti polisi, tukaulizwa kama wazee wa pande zote wameshaketi. Hawakuwa wameketi. Upande wa mume ndio uliotuita, na si kwa ajili ya shingo ya dada yangu. Walituita kwa ajili ya koti.

Kikao kilikuwa Kabazi, uani kwa mama mkwe wake, viti vya plastiki vimepangwa pande mbili. Baba mdogo wa shemeji ndiye aliyeongoza. Upande wetu alikuwa mjomba wetu, kwa kuwa baba hatunaye, na mjomba huyo alishalishwa kuku kabla hatujafika. Nilimwona akipangusa vidole, nikajua tumeuzwa. Shemeji alikaa amefungwa bendeji, anatazama chini kama mtu mnyenyekevu. Dada alikuwa na mtandio shingoni, mtoto mapajani, mdomo wake mdogo bado umevimba.

Waliongea koti mchana kutwa. Koti lilivyosafiri na marehemu hadi Kisumu. Koti lilivyomsitiri mvua. Aibu ya koti la mzee kukaliwa na makalio ya mtoto. Walimuuliza dada alivyoingia nyumba ya mama mkwe wake na kuiba. Akaurekebisha mtandio. Nikasimama nikawauliza kama wameona kilicho chini ya huo mtandio, na kama marehemu amewahi kunyongwa na kamba. Nikaambiwa mwanamke anayechoma watu mikasi hana sauti kwenye kikao. Nikawaambia sauti yangu wanaisikia bila wao kunipa. Mjomba akanivuta sketi nikae. Nikakaa.

Uamuzi ukatoka. Mimi nitafute kondoo wa kutakasa. Dada apige magoti, aombe msamaha mbele ya wote, kisha arudi na mumewe jioni hiyo hiyo, na mtoto wake. Mjomba akainamisha kichwa kukubali. Niliwaza waziwazi, akirudi kule nitamzika. Nilimtazama dada, naye hakunitazama. Akamweka mtoto chini, akaanza kupiga magoti.

Mama mkwe wake alikuwa anazunguka na birika la chai. Hakuna aliyekuwa amemuuliza neno tangu asubuhi. Akalitua birika kwenye nyasi.

"Inuka," akamwambia dada. "Hiyo koti nilimpa mimi."

Baba mdogo akamwambia huzuni inamchanganya, aketi. Hakuketi. Akasema alilipeleka Kaptembwo kwa mikono yake, ndani ya gunia la viazi, na yeye ndiye aliyesema likatwe. Alimwapisha dada asimtaje kwa mtu. Shemeji akainua kichwa, akamuuliza kwa nini.

Aliongea polepole, amekunja mikono mbele ya leso. Alisema marehemu alikuwa akitoka kazini halivui koti kwanza. Alimpiga akiwa amelivaa, na alama za vile vifungo alizijua usoni mwake kabla hajavizoea vifungo vyenyewe kifuani mwa mumewe. Alipokufa akadhani yamekwisha. Wazee hawa hawa wakaja wakalining'iniza kwenye msumari ulioelekea kitanda chake, wakamwambia aliheshimu. Alikuwa akiamka, analiona limesimama.

"Nilitaka mtoto akalie hapo," akasema. "Amwage uji. Akojoe."

Shemeji akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Alisema mama yake anamtukana marehemu. Mkono wake mzima ulikuwa umekunja ngumi. Na mimi nikasimama, na sikuwa na mkasi. Yule mama akamfuata mwanawe hadi kifuani kwake, mdogo, amefika chini ya bega tu. Bendeji ya mkono ilikuwa imefunguka ncha. Akaishika, akaizungusha, akaichomeka vizuri ndani, kama anavyovishwa mtoto anayekwenda shule. Ngumi ya shemeji ikakosa pa kwenda.

Kisha akamgeukia dada yangu.

"Huyu nimemzaa mimi, na ninampenda," akasema. "Usirudi kwake."