Tiketi ya Nne ya Kwenda Nansio

Dada yangu Evelina alikata tiketi nne za meli ya Nansio wakati wasafiri walikuwa watatu.

Msianze kucheka. Dada yangu hanywi, na hesabu ni kitu alichokuwa akinishinda tangu utotoni. Alifika dirishani pale bandarini Mwanza, akafungua mdomo aseme tatu, ikatoka nne. Akalipa. Alikuja kushtuka yuko njiani kurudi nyumbani Igoma, tiketi ziko mkononi.

Hiyo ni Pasaka ya mwaka tisini na nane, mvua za Elinino ndiyo kwanza zinapungua. Mimi Odeta, mdogo wake, nilikuwa naishi kwake. Mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinisimulia mwenyewe, na mpaka leo akisimulia anashika kifua.

Twende taratibu ili tusiachane njiani.

Evelina alikuwa mjane. Mumewe Venant, mtu wa Ukerewe, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Kiwanda kikauzwa, wakapunguzwa kazi, naye akaingia kwenye mitumba kama wanaume wengi wa enzi zile. Mwaka tisini na mbili alipakia marobota kwenye mtumbwi wa injini kupeleka kwao Nansio. Upepo ukaja, mtumbwi ukapinduka. Marobota mengine yalielea mpaka ufukweni na watu wakayaokota.

Venant hakuonekana.

Ukoo wake una desturi yao. Mtu akichukuliwa na maji na mwili usipatikane, unazikwa mgomba badala yake. Linakatwa shina, linafungwa kwenye shuka pamoja na nguo zake, watu wanalia, linashushwa kaburini. Shina likioza, na yeye ndiyo amepumzika. Aliyelifunga shina la Venant ni mama yake mzazi, bibi Bernadeta. Alijifungia nalo chumbani na hakutaka msaada wa mtu.

Evelina akazika, akarudi Mwanza na watoto, na Ukerewe hakukanyaga tena. Kilichokuwa kinavuka kutoka kule ni ndizi tu. Bibi akipata mkungu mzuri anawapa watu wa meli, unatufikia mpaka Igoma. Jamani, zile ndizi zilikuwa tamu. Tulizigombania kama watoto, na mimi mtu mzima nikiwemo.

Sasa mwaka ule watoto wenyewe walikuwa wamekua. Winnie kamaliza kidato cha nne, anasubiri kwenda chuo cha ualimu Tabora. Nathaniel alikuwa na miaka kumi na sita, ndevu zinachungulia, maneno yake ya kuhesabu. Tangu mazishi ya baba yake hakuna aliyewahi kumwona analia. Hilo ndilo lilikuwa linamtafuna dada yangu. Aliniambia jikoni kwamba mtoto asiyemlilia baba yake atakuja kulipuka siku moja, na yeye hatajua pa kumshika.

Winnie ndiye aliyeleta habari ya matembezi. Alisema kabla hajaondoka nyumbani, na wao waende mahali wakatanue, siku tatu za Pasaka tu. Evelina akaona ni wazo zuri. Akauliza waende wapi.

Nathaniel, ambaye hajawahi kuomba hata kalamu, akasema Nansio.

Mwanza nzima bado ilikuwa inaogopa meli miaka ile, mnakumbuka ile iliyozama na mamia ya watu, na dada yangu ndiye aliyekuwa anayaogopa maji kuliko wote. Lakini mtoto kaomba. Akakubali, kwa masharti. Watalala gesti, watakwenda ufukweni, watakula samaki, watarudi. Hakuna kwenda kwa bibi. Hakuna habari za makaburi.

"Safari hii ni ya sisi tuliobaki," alisema. "Baba yenu tulishamlilia."

Nilikuwepo akisema. Natamani asingesema.

Maana kuanzia hapo kila walichopanga kilizidi kwa mtu mmoja. Winnie alichemsha mayai ya safari, kila mtu na lake, akajikuta amebakiwa na moja ambalo hakumbuki kuliweka. Tiketi ndiyo hiyo niliyowaambia. Evelina akapanga mashuka kwenye begi, moja moja kwa kila mtu, yakawa manne. Akalitoa la ziada, akalirudisha kabatini kwa mkono wake, nami nikimwangalia.

Siku ya Ijumaa Kuu asubuhi akafungua begi aweke sabuni. Shuka la nne lilikuwa limo, limekunjwa vizuri.

Aliniangalia, nikatikisa kichwa. Watoto nao wakakataa. Basi akafunga begi, wakaondoka.

Kwenye meli, mkaguzi wa tiketi alikuwa mzee mmoja mwenye kipara. Evelina alikuwa ameshaandaa maelezo yake kwamba tiketi moja imezidi kwa bahati mbaya. Yule mzee hakumpa nafasi. Alizichana zote nne, akatazama nyuma yao, akainamisha kichwa kama mtu anayeitikia salamu.

Evelina akageuka. Nyuma yao kulikuwa na magunia ya sukari.

Nansio gesti ilikuwa safi na samaki walikuwa wazuri, lakini starehe iligoma kabisa. Mhudumu alileta sahani nne bila kuuliza. Jumamosi asubuhi wakaenda ufukweni. Winnie akaingia majini peke yake, akatoka upesi, akasema maji ni ya baridi. Hayakuwa ya baridi. Nathaniel alikaa kwenye mchanga, macho kwenye ziwa.

"Mama," akasema, "tumekuja na baba. Wewe unajua na mimi najua. Twende tumfikishe kwao."

Dada yangu anasema alitaka kumkaripia, akaacha. Alikuwa amechoka kujifanya hajui. Wakabeba begi lao, wakaenda.

Bibi Bernadeta walimkuta uani anachambua mtama. Wakampa shikamoo, akaitikia, lakini hakushangaa kuwaona. Akawatazama mmoja mmoja, kisha akatazama pale nyuma yao, macho yakamlegea.

Evelina akauliza kaburi liko upande gani, maana miaka sita ilikuwa imepita na msalaba alikuwa hauoni.

Bibi akanyoosha mkono nyuma ya nyumba. Pale alipozikwa Venant palikuwa na kichaka cha migomba, mirefu, imenawiri, na mmoja una mkungu umeinamia chini.

Winnie ndiye aliyeelewa kwanza. Alikimbilia kando ya ua akatapika. Zile ndizi. Zile tulizokuwa tunagombania Igoma miaka yote ile.

"Mkamwana, nisamehe," bibi akasema. "Walinipa shina lililokatwa nilifunge. Nikalitupa uvunguni, nikafunga mche mzima na mizizi yake. Kaburi la mgomba halichimbwi refu. Nilisema ukioza, mwanangu kafa. Ukiota, yupo."

Evelina akamuuliza, na ulipoota?

"Nilifurahi. Nikawa nawapelekea ndizi ili mle pamoja naye." Akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Lakini kila jioni namsikia hapo nyuma. Haingii ndani, na haendi. Amesimama tu, mwanangu, miaka yote, na niliyemsimamisha ni mimi."

Kisha akaingia ndani, akatoka na panga, akampelekea Nathaniel.

"Kata wewe, mjukuu wangu. Mimi nilishindwa."

Nathaniel akakata. Alikata migomba yote, akachimba visiki mpaka mzizi wa mwisho, jasho na udongo mwili mzima. Shina moja likachaguliwa, likasafishwa pande zote mbili, likabaki shina tupu lisiloweza kuota. Bibi akauliza watalifunga na nini, maana nguo za Venant ziliisha kwenye mazishi ya kwanza.

Evelina akafungua begi akatoa shuka la nne.

Walilifunga wote pamoja safari hii, mlango wazi. Nathaniel alipoanza kurudishia udongo, koleo likamponyoka, akapiga magoti, akalia. Alilia kwa sauti, akiita baba, mpaka majirani wakaja, nao wakalia. Dada yangu alimshika mwanawe, na alijua pa kumshika.

Jumapili ya Pasaka waliingia ziwani wote watatu. Nathaniel alicheka. Usiniulize alichekea nini, dada mwenyewe hajui, lakini alinihadithia kicheko kile kuliko mambo yote.

Jumatatu Evelina alikata tiketi za kurudi. Akasema tatu, ikatoka tatu.

Mlangoni mwa meli walimkuta mkaguzi yuleyule mwenye kipara. Akachana tiketi, akatazama nyuma yao, akatazama tena.

"Mama, mbona leo mko watatu? Yule baba mliyekuja naye Ijumaa, aliyelowa suruali mpaka magotini, amebaki?"

Evelina anasema moyo ulikuwa mwepesi.

"Amebaki," akamjibu. "Amebaki kwao."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akawapisha wapande.

Ndugu yangu, panga safari zako, watoto wakikua wapeleke wakafurahi, ni haki yao. Ila ukianza kuhesabu wanaokwenda, angalia usije ukawa umemwacha mtu amesimama mlangoni kwa sababu tu unaogopa kumlilia. Mlilie, mfikishe kwao, ndipo mwende.

Na ndizi siku hizi nakula. Ila nauliza kwanza zimetoka shamba la nani.